Kimondo wa Mjomba Hezekiah

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Tumemzika mjomba Hezekiah leo. Buyangu, kijijini, nyuma ya nyumba ya Kukhu, nyanya yangu aliyemzaa mjomba, upande wa msitu. Watu walijaa, wali haukutosha, maiki ilikwama katikati ya mahubiri. Kila mtu alilia — hata Makhanu jirani, ambaye waligombania naye mpaka wa shamba miaka yote! Mimi sikulia. Sisikii kitu. Mke wangu Maurine ananiangalia kama sufuria iko motoni, anangoja nichemke. Angoje.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya wafiwa kunyolewa nywele na kugawa vitu vya marehemu. Mimi ndiye mwiwa, mtoto wa dadake, kwa hivyo natangulia kuchagua na hakuna wa kunikataza. Wazee wakanisongezea koti la suti. Baiskeli pia ilikuwapo. Nikasema nataka lile sanduku la bati chini ya kitanda.

Wakafungua — vitabu vya katuni! Vile vya mitumba, vya watu wanaopaa angani. Kicheko. Mzee mmoja akasema huyu mwiwa wa mjini ameharibiwa na simu anazotengeneza. Kukhu peke yake hakucheka. Akasema, "Mwachieni. Ni vyake tangu zamani."

Alhamisi, 7 Agosti

Stima imepotea, wateja pia. Nikafungua sanduku hapo hapo dukani, kwa meza ya kutengenezea simu. Harufu ya ukungu. Mende wamekula pembe zote.

Nilidhani nitasikia kitu. Wapi! Karatasi tu. Na nilivipenda hivi mpaka nikawa nalala navyo. Kizungu nilikuwa sijui, mjomba alinisomeanga kwa Kiswahili, jioni, miguu yake ndani ya beseni ya maji moto. Shujaa tulimwita Kimondo. Niliuliza mbona anavaa chupi juu ya suruali. Mjomba akasema amevaa kwa haraka, watu wanateseka.

Leo nimejisomea mwenyewe. Loh! Karibu yote alikuwa anatunga. Ule mji si Eldoret. Adui haitwi Makhanu — na vile nilivyomkimbia yule mzee wa watu kila nikienda mtoni!

Sikucheka lakini. Niliona tu kwamba inachekesha.

Ijumaa, 8 Agosti

Kitabu cha mwisho. Mjomba alikisomanga hivi: Kimondo anaanguka ziwani, anatoka, anatembea amelowa mpaka kwao, mamake anampikia obusuma na ingokho, ugali kwa kuku. Nikimwambia arudie, anarudia, na ingokho inazidi kunona.

Kwa karatasi Kimondo anakufa. Hatoki ziwani. Mamake amesimama langoni, polisi anamletea ile nguo ya mgongoni ambayo Kimondo alipaa nayo, imekunjwa. Basi. Mwisho.

Maurine akauliza kama kuna shida. Nikasema hakuna. Nikala, nikanawa, nikalala.

Jumapili, 10 Agosti

Niko Buyangu, nimekuja baada ya kanisa. Kukhu aliagiza nije na vile vitabu. Macho yake yamefifia na Kizungu hakijui, ila anataka kusikia kitu ambacho kijana wake alikipenda hivyo. Akauliza ni kipi kimechakaa zaidi. Cha mwisho. Akasema basi hicho.

Nikasoma. Nilipofika ziwani ulimi ukawa mzito. Mtu amemzika mwanawe juzi, nimwambie nini? Nikasema Kimondo akatoka majini, akafika kwao, akapikiwa ingokho.

Kukhu akasema: "Aa-a. Hezekiah aliniambia huyo mtu alikufa."

Nikamuuliza alimwambia lini.

Akasema ni ule mwaka mama yangu, Muhonja, alikuwa amelazwa hospitali. Hezekiah alimfuata yeye Kukhu jikoni na hiki kitabu, akamwambia: mama, humu ndani mtu anakufa, na mtoto anangoja nimsomee. Kukhu akamjibu, si umfikishe nyumbani. "Hiyo ingokho nilisema mimi," akaniambia.

Kumbe. Wote wawili walijua. Mama hakurudi kutoka hospitali, na mimi nikaendelea kumsumbua mjomba arudie pale Kimondo anafika kwao. Na yeye akarudia, na dada ni wake!

Nikamwambia Kukhu pole. Akasema pole ya nini, mimi si mtoto, nisomee vile iko.

Ameingia ndani kuchukua shali. Naandika hapa kwa baraza, kitabu kwa magoti, kimefunguka pale langoni. Nimejaribu kukifunga, nimekifungua tena.

Nasikia fimbo yake. Anauliza akiwa mlangoni: yule mama aliipokea ile nguo, ama aliikataa?

Naangalia picha. Polisi ndiye amenyoosha mikono. Ya yule mama bado iko chini.