Betri Si Mtungi

Jumanne. Hapa Voi jua linachoma mpaka kuku wamelala midomo wazi.

Basi, nilikuwa nimefika wapi? Ee, kwa gunia. Jana nilianza kuwaambia, maharagwe yakaungua nikakimbia jikoni. Wacha nimalize.

Kwetu mtungi unavalishwa gunia iliyolowa ndio maji yapoe. Hiyo hata mtoto anajua. Sasa jirani yangu Mama Mghoi, yule bwanake Mwadime anaendesha boda ya stima, pikipiki ya betri, juzi mchana alishika ile betri akaona imechemka. Na Mama Mghoi ni mtu wa huruma.

Akaivalisha gunia ya maji.

Msimcheke. Hata mimi ningeivalisha.

Kumbe Mwadime alikuwa ameanguka nayo kwa shimo huko njia ya Mraru, kona ya betri ikapasuka. Badala airudishe kwa kampuni, akaibandika selotepu. Akafika nyumbani, betri bado moto ya safari, akaichomeka kwa chaji hapo hapo nyuma ya mlango, akarudi stejini kupiga stori. Nyuma ya mlango ni juu ya kuogopa wezi. Ploti hii yote sisi tunaweka nyuma ya mlango.

Maji yakaingia kwa ule ufa.

Mama Mghoi alikuwa nje anaanika nguo. Anasema alisikia kitu inalia pa-pa-pa kama mahindi kwa sufuria, halafu moshi mweupe, halafu moto. Nyumba iko na mlango mmoja. Dirisha iko na vyuma. Na ndani alikuwa amelala mama mkwe wake, Bibi Mkamburi, ameteremka kutoka Mghange kuja kliniki ya macho.

Huyo Bibi ni wangu wa utani. Jumamosi alinikuta kwa mfereji akaniambia, "Wewe, hiyo mdomo yako ikitiwa mkaa inaivisha maharagwe."

Nikamwambia, "Na wewe Bibi, macho yamekataa lakini masikio yanafika mpaka Taveta."

Alicheka mpaka akashika mbavu.

Basi siku hiyo ya moto tulimwaga maji, tukamwaga mchanga. Ule moto unazimika, unawaka tena. Mwisho wanaume walivunja ukuta wa nyuma na mtaimbo. Wakati wanamtoa, leso ilikuwa imeshikana na ngozi. Mimi naongea sana, mnanijua, lakini hapo sitaendelea.

Leo asubuhi watu wa kampuni ya betri wamekuja. Wanasema betri ikianguka ama ikifura, usichaji, irudishe. Ikitoka safari, iache ipoe yenyewe. Usifunike, usimwagie maji, usiazime chaja ya boda nyingine. Chaji nje, kwa simiti, kwa kivuli, mahali mtu anaiona. Na isikae kwa njia ya mlango hata siku moja.

Mama mmoja akauliza, "Na wezi je?"

Wakampa karatasi ya namba ya simu.

Sasa hii ndio inanila roho. Hata kwangu iko moja nyuma ya mlango. Ya kijana wangu Mwakio. Nimemwambia aitoe, akanijia juu: "Mama, yangu haijaanguka popote. Ikiibwa, wewe ndio utabeba abiria mgongoni?"

Nikamjibu, "Wewe nilikubeba, na ulikuwa mzito kuliko abiria yeyote."

Tulicheka. Lakini hakuitoa. Akaiacha imechomekwa, akaenda na Mwadime hospitali kumwona Bibi.

Niseme ukweli? Naogopa hata kuichomoa. Niko hapa uani kwa jua, nimekaa kwa ndoo naandika, chakula iko ndani na siwezi kupita hapo mlangoni. Nyumba yangu mwenyewe! Ile taa nyekundu ya chaja inaniangalia tu.

Namuomba Mungu Bibi arudi anitukane. Akirudi, hata mdomo nitafunga wiki nzima. Na Mwakio nitamwambia nini akija, achague mimi ama betri? Si atachagua betri, ndio inamlisha.

Geti inalia. Ni yeye. Hata salamu hatoi.

"Mama, weka simu chini. Bibi ametuacha. Kuja unishikie mlango, nitoe hii kitu nje."

Wacha nikamshikie mlango.