Jina Lako Ndani ya Mchezo

Kaka yangu Mwangi,

Mchezo wetu wa kompyuta uko tayari. Nimeumaliza peke yangu, na sijui kama ungenishukuru.

Kwenye chumba chetu cha Ruiru, kompyuta ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi. Mimi niliandika sentensi za Kiswahili, wewe ukaandika masharti: mchezaji akishinda, sentensi hii itokee kwa kijani; akifa, ile itokee kwa nyekundu. Mahali pa jina la mchezaji uliweka lako, la kujaribia tu. Ulikuwa ukijirusha makusudi kwenye mto wa mchezo ili tuone rangi.

"Kui, nimekufa tena! Ongeza wekundu, hii ni kama juisi."

"Kufa vizuri basi, mvivu wewe."

Ulisema jina utalitoa Jumatatu. Jumamosi lori likakugonga.

Wiki mbili baada ya mazishi, mwenye duka la kompyuta pale Thika, aliyetuagiza mchezo wa watoto kuchezea dukani kwake, aliniambia, "Pole sana, lakini nauhitaji Ijumaa." Nikabeba kompyuta hadi kwa Mama, Ngoingwa. Kila sharti lilitaka kujaribiwa, kwa hiyo nikakuua. Nikakuzamisha, nikakuchoma, nikakuangushia mawe. Mama akaingia na chai, akasoma kwa sauti: "Mwangi amekufa. Jaribu tena."

"Nani ameandika hivyo?"

"Ni mimi, Mama."

Alirudi jikoni na kikombe changu mkononi.

Kulitoa jina kwenye programu sijui, hukunifundisha. Najua rangi tu. Nikalifanya jina lako jeusi, kama kioo cha kompyuta kilivyo nyuma ya maandishi, ili ukifa asionekane aliyekufa. Nikamwita Mama aone.

"Na akishinda?" akauliza.

Nikacheza hadi mwisho. Ikatokea nafasi tupu, kisha neno la kijani: "ameshinda."

"Umemfuta. Mrudishe."

"Mama, watoto wa Thika watamuua kila siku."

"Mrudishe, Kui."

Nimekurudisha. Kesho napeleka diski. Watakuua wakicheka, wakisukumana kugombea zamu. Atakayefika mwisho atasoma kwamba umeshinda, lakini wengi hawatafika. Hatua ya mwisho uliifanya ngumu mno, na nilikuambia.

Kwaheri, Mwangi. Mimi sitaucheza tena.

Dada yako,
Kui