Duri Amevuka Msitu

Ardez, Engadin
Tarehe 4 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Jachen,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. U hali gani, na mgongo wako je? Inés na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila mafua yameingia nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Theluji imeshuka mapema mwaka huu. Ile ya Oktoba ilibaki chini, ikapigwa na baridi kavu majuma kadhaa, kisha juzijuzi ikaangukiwa na nyingine nzito. Wewe mwenyewe unajua maana yake: ya chini haishikani, na ya juu huporomoka.

Sasa sikia habari. Shemeji yako amepanda mlima! Naam, Duri yuleyule uliyemfukua kwa mikono yako, midomo imekuwa ya bluu, ambaye tangu poromoko lile la theluji alikuwa hajawahi kuvuka msitu. Mpwa wako Seraina amehitimu kuwa kiongozi wa wapanda milima, na Jumamosi alitaka kukagua theluji kabla ya kupeleka wageni. Babake hakula, hakulala. Seraina akamwambia, "Baba, badala ya kuniombea dirishani, si uje unibebee koleo?" Duri akavaa viatu, akatwaa mbao zake za kutelezea thelujini. Nami nikawafuata; ningebaki kufanya nini?

Tulipofika uwanda wa juu ya msitu, theluji ikaguna chini ya miguu yetu, ikadidimia, na ufa ukakimbia mbele. Duri akaketi palepale. Seraina hakupaza sauti, akapiga magoti mbele yake.

"Hapa ni tambarare, Baba. Theluji haina pa kutupeleka. Imetuonya tu. Njoo tuitazame."

Wakachimba pamoja mpaka ardhini. Seraina akakata nguzo ya theluji apime kama imeshikana, akalaza koleo juu yake, akaligonga kwa vidole. Hata hajatia nguvu, bamba la juu likateleza lote. Duri akatia mkono kwenye tabaka la chini. Likamwagika kama sukari.

"Kumbe ndiyo hii iliyonibeba," akasema. Jachen, miaka yote hiyo aliogopa kitu asichokijua sura.

Kisha akamgeukia bintiye. "Na wageni wako wa kesho?"

"Watatembea msituni. Wakinuna, wanune. Mlima hauhami."

Duri akacheka hadi machozi. Tukashuka, yeye akiyumba juu ya mbao zake kama ndama aliyezaliwa leo; kila akianguka, anatukana kwa furaha.

Wageni walinuna kweli, mpaka supu ya shayiri ikawalainisha.

Seraina anasema theluji ikishikana vizuri, huenda Februari, kilele kitafikika. Leo asubuhi nimemkuta Duri uani akipaka nta mbao zake. Kando yake ameegemeza jozi nyingine. Nikauliza ni za nani. "Za Jachen," akanijibu. "Mwambie aje, safari hii tupande sote na tushuke sote."

Nisalimie Inés, Tomás na watoto wengine, na mama mkwe wako. Mungu awalinde, nanyi mkanyage palipo imara.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa umbali huu,
Madlaina