Sahani Moja na Zuhura

Jumatatu, 2 Septemba

Maji ya moto kikombe kizima, kabla sijasema na mtu. Kisha mafuta ya ufuta, yamepashwa kidogo, nikayazungusha tumboni kwa kiganja. Polepole. Jua halijatoka vizuri. Mafuta haya yananipeleka mbali. Nikiwa nusu usingizi nilimsikia marehemu dada Mwajuma akifagia uwanja. Nilipofumbua macho hakukuwa na mtu.

Tumbo kimya. Naogopa hata kuliandika, lisije likasikia.

Choroko zimelowekwa. Mchana mseto laini wa choroko na mchele, kijiko cha samli, bizari nyembamba, chumvi kidogo. Ndiyo Ayurveda, tiba ya Kihindi ya vyakula, ya Mama Hema, yule Mhindi wa Lindi niliyekuwa namshonea blauzi. Yeye alifundishwa na bibi yake. Hospitali walinipima mpaka wakachoka: si vidonda, si amiba, si minyoo. Daktari akasema utumbo ni mzima ila ni mwepesi kushtuka, na ugonjwa huo mtu huishi nao. Basi naishi nao. Sili pilipili, wala maharage, wala maji ya barafu. Sili jua likishazama. Sili korosho, mimi mtu wa Mchinga, kwenye mikorosho mpaka uani. Sijapona. Ila siku nzuri zimekuwa nyingi kuliko mbaya.

Ijumaa Zuhura anaingizwa ndani. Mtoto wa dada Mwajuma, nimemlea mimi, sasa anaolewa. Amenichagua niwe somo wake: nikae naye chumbani mpaka harusi, nile naye sahani moja, nimpeleke kwa mumewe. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumatano, 4 Septemba

Wifi Mwanahawa amefika kutoka Rondo na kiroba cha unga wa muhogo na kuku wawili. Dada yake baba Zuhura, mkubwa kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku ananipima kwa macho. Nimekonda, akasema.

Mchana pweza, mchuzi mwekundu kwa pilipili. Mimi na bakuli langu pembeni. Akauliza mbona nakula peke yangu.

Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini habari za choo, mbele ya wageni, sahani ziko wazi? Nikasema nina miiko. Ndilo neno lililonijia. Akarudi kwenye pweza wake, nikadhani yameisha.

Ijumaa, 6 Septemba

Tumo ndani. Mapazia yameshushwa, udi unafuka, Zuhura amepakwa singo, manukato ya kusugulia bibi harusi, mwili mzima. Mchana huku hauna saa. Tunasinzia, tunaamka, tunasinzia tena. Amekula nusu ya mseto wangu, akasema ni chakula cha watoto, akaongeza.

Nimeota Mwajuma amekaa mwisho wa mkeka, anataka nimsuke. Nikamsuka. Nywele zake hazikwisha.

Nina furaha.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimejiponza mwenyewe. Huku mtu hawi na miiko hivi hivi. Miiko hutolewa na mganga, na mganga huitoa kwa ajili ya jini. Jini wangu wamekwisha kumjua tabia: hapendi pilipili, hapendi korosho, anataka samli, giza likiingia hali. Asubuhi nimekuta ubani umefukizwa mlangoni. Wifi kaniuliza, kwa adabu kabisa, jini wangu anaitwa nani. Nikacheka. Kicheko kibaya, kimezidi kuniharibia.

Wanasema somo mwenye jini humwambukiza mwali kupitia sahani. Jumatatu kina mama watakaa kikao kuniondoa. Wifi ndiye atakayeshika nafasi yangu. Zuhura hawezi kunitetea, mwali hasemi mbele ya wakubwa. Amejifunika kanga, mabega yanatikisika.

Nina hasira. Mama Hema alinikataza kula na hasira. Nimekula nayo.

Jumapili, 8 Septemba

Leo nimewaonyesha. Nimetoka nje mpaka uwanjani, nimechukua sahani ya mchuzi wa pweza, pilipili mbuzi nzima juu yake, nikaila mbele yao. Nikafuatisha korosho za kukaanga. Na maji ya barafu. Wifi akasema mashallah. Wengine wakapumua.

Nimeshinda.

Sasa alasiri. Naandika nimejikunja. Zuhura ananipepea.

Jumatatu, 9 Septemba

Tumbo limenitoa alfajiri. Choo kiko nyuma ya jiko la harusi, lazima nipite katikati ya wanawake wote wanaomenya viazi. Nimepita na kopo, nimerudi. Nimepita tena. Nilipopita tena, wifi akasimama.

"Linatoka hilo," akawaambia. "Liacheni litoke."

Jasho lilikuwa linanitiririka. Nikaweka kopo chini.

"Si jini, wifi. Ni tumbo. Linanifunga, kisha linaniharisha mpaka miguu inakosa nguvu. Tangu Zuhura hajaota meno. Chakula kile ndicho kinachonituliza."

Hakuna aliyecheka. Wifi akanisogelea. Nikajua maneno yake yanaelekea wapi.

"Na matanga ya Mwajuma? Tumezika, ukaondoka siku ile ile. Dada yako wa tumbo moja. Hukulala hata usiku mmoja."

"Watu walijaa uwanja mzima na choo kilikuwa kimoja. Nilikuwa kwenye mikorosho, wifi. Huko nyuma. Mpaka lilipopita gari la abiria, nikapanda."

Akakaa chini pale pale, kwenye maganda.

"Sisi tulisema unatudharau," akasema. "Miaka yote hii."

Nikalia. Maumivu ya tumbo hayajawahi kuniliza.

Jumanne, 10 Septemba

Nimelala mchana kutwa. Maji ya tangawizi, uji mwepesi wa mchele. Chumba kinaelea, sauti za nje zinaingia na kutoka. Kikao cha kina mama hakikukaa. Wifi amehamisha kinu cha pilipili mpaka kwa jirani. Halafu amesimama karibu na choo anawafukuza watu: anayetaka kukaa humo na simu atafute pengine. Nimemsikia kwa masikio yangu. Aibu na kicheko vimenishika pamoja.

Kaingia jioni, kauliza choroko naloweka kwa muda gani. Hakuomba radhi. Sikuingoja.

Ila hakuna aliyesema kama mimi bado ni somo. Naogopa kuuliza.

Ijumaa, 13 Septemba

Ndoa imefungwa. Wakati wa kumtoa mwali, kina mama wamejipanga ukumbini, wifi Mwanahawa mbele, kanga mpya. Nikasimama mlangoni. Anayemshika mkono ndiye somo. Wifi akamshika Zuhura, akamsogeza hatua chache, akauweka mkono wa mwali kwenye mkono wangu. Kisha akageuka kupiga vigelegele.

Sikumbuki njia. Nakumbuka kiganja cha Zuhura tu, kimelowa jasho.

Jumamosi, 14 Septemba

Lindi, kwa wakwe wa Zuhura. Tulifika jana jioni. Mama wa bwana harusi alitupokea kwa salamu ndefu, akamkalisha mwali, kisha akanivuta mimi pembeni. Nilidhani ananionyesha kitanda. Alinionyesha choo kwanza. Ndoo imejaa maji, kopo jipya, taa inawaka. Akasema wifi yangu kampigia simu mara mbili, hataki somo apate tabu.

Mchana wametuletea sahani moja, imefunikwa kawa. Choroko zilikuwa ngumu kidogo, chumvi imezidi. Zuhura ananitazama. Nimekula. Sikuharakisha. Chumba cha watu wengine, dirisha liko wazi, nyumba nzima inajua habari za tumbo langu.

Baada ya chakula nikajinyoosha mkekani karibu na Zuhura. Usingizi ukanichukua sijamaliza hata kumwambia alale.