Oili ya Pikipiki ya Theluji

Mjukuu wangu Neema,

Hapa North York hatujambo, mama yako bado anaingia zamu ya asubuhi. Umeuliza utie oili ipi kwenye hiyo pikipiki yako ya theluji.

Nilipokuwa msichana Moshi nilitia oili ya gari kwenye skuta ya baba, nikidhani oili ni oili. Injini ikanoki, ikazima njiani. Akina mama waliotoka sokoni wakanisukuma hadi kwa fundi.

“Hii injini huichoma oili yake,” akaniambia. Kumbe kila tone hulainisha chuma huku likielekea motoni! Nilistaajabu kweli.

Injini yako nayo ni ya aina hiyo, kwa hiyo nunua oili ile ya pikipiki za theluji. Niliacha chupa yake roshani kwenye baridi hii, na oili haikuganda; nilipoimimina ikatoka kama maji. Nilistaajabu tena, na uzee huu.

Usibahatishe. Huko kwenye ziwa lililoganda hakuna akina mama wa sokoni.

Bibi yako