Uwanja wa Besiboli wa Kwa Yakobo

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Kaka Thadeus amerudi Old Moshi. Si likizo — amerudi na mke, watoto na magodoro. Kampuni aliyokuwa akifanyia kazi Dar imefungwa. Jioni alishuka kule chini, akasimama katikati ya uwanja wa besiboli, ule watu wanaouita Kwa Yakobo, kwa jina la Baba, mikono kiunoni. Nilimwona kutoka jikoni nikajua anautaka. Baba hata udongo wa kaburi lake haujakaa sawa.

Aliporudi alisema siku hizi parachichi zinafuatwa na wanunuzi hadi shambani. Alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nikaendelea kumenya ndizi.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada ukoo ulikaa sebuleni kwetu. Baba mdogo Eliufoo ndiye aliyeongoza. Nilisema yangu. Kwamba pale palikuwa malisho tu. Kwamba Baba mwenyewe ndiye aliyemruhusu yule mwalimu Mjapani wa sekondari atufundishe besiboli pale, na tangu aondoke nafundisha mimi. Kwamba watu wanapanda kutoka mjini kuja kucheza, na hatuna pengine.

Walinisikiliza vizuri mno. Kisha Baba mdogo akasema, Aikande mwanangu, baba yako aliwaazima, hakuwapa. Kihamba, shamba hili la ukoo, ni cha mtoto wa kiume, na huyu kaka yako ana watoto wa kulisha.

Nikasema mimi ni kocha. Mmoja akacheka kidogo, akajifanya anakohoa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nilienda uwanjani peke yangu.

Mgeni akiuona atacheka. Upande wa kushoto unapanda mlima, mpira ukipigwa huko unarudi wenyewe. Kulia kuna mfongo, mfereji waliouchimba mababu. Mpira ukitumbukia humo, mpigaji anapewa bezi mbili, yaani vituo viwili vya kukimbilia — sheria ya Baba hiyo. Kilima cha mrushaji tulikijenga kwa udongo wa kichuguu, tukaushindilia kwa miguu tukiimba. Wavu ulio nyuma ya mdakaji ni wa kuanikia kahawa, wa miaka ile kahawa ilipokuwa kahawa.

Baba alianza kwa kutucheka. Mwaka uliofuata akawa refa, kifuani kajifunga kipande cha godoro la wapagazi wa mlimani. Siku moja alimtoa mchezoni mchungaji wa kanisa letu, aliyekuwa zamu ya kupiga. Mchungaji akabisha. Baba akamwambia, hoja zako zitunze za Jumapili.

Nilikaa kwenye benchi mpaka nguo zikalowa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama aliniita chumbani kwake. Nilidhani ataniunga mkono — yeye ndiye aliyetupikia makande kila mechi.

"Nimeshamzika baba yenu," akasema. "Usinifanye nizike na undugu wenu."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi. Nikasema, "Sawa, Mama."

Basi. Miaka yote ile imeishia hapo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mechi na timu ya Kwa Sadala. Sikumwambia mchezaji yeyote kwamba uwanja unaondoka. Rukaya, fundi cherehani wa mjini anayetushonea mipira, alirusha vizuri kuliko siku zote. Tukashinda. Thadeus alikuwa amekaa nyasini na wanawe, anapiga makofi, anawaelekeza nani ametoka na nani bado. Hilo ndilo lililoniuma. Afadhali angeuchukia mchezo wenyewe, ningejua pa kumweka.

Mwishoni Rukaya akaniuliza, "Kocha, mbona leo hukutupigia kelele hata kidogo?"

Nikamwambia koo linawasha. Akasema tutaonana mazoezini Jumatatu. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Haya, usalimie nyumbani."

Jumatatu, 14 Aprili

Vibarua walifika kabla sijakamua ng'ombe. Walianza kuchimba mashimo ya miparachichi pale anaposimama mpigaji, kwa sababu ndipo palipo tambarare. Wavu wameufungua. Mama ameuomba, atazungushia banda la kuku.

Thadeus alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba, mashimo yaende kwa mstari. Mkewe alikuwa na mtoto mgongoni. Akaniangalia. Hakuniomba. Nikaishika.

Nimeishika asubuhi nzima. Mistari imenyooka.

Sasa wanakunywa chai, nami naandika hapa kwenye benchi kwa sababu sijui mikono yangu niipeleke wapi. Kilima cha mrushaji bado kipo. Thadeus amesema tutakifikia mchana. "Tutakifikia" — akimaanisha mimi na yeye.

Kuna mtu anapandisha njia ya kanisani. Ni Rukaya, mapema kuliko kawaida, mfuko wa mipira begani. Alikuwa anatembea haraka. Sasa amesimama. Anaangalia mashimo, halafu vibarua, halafu mimi, na kamba bado ipo mapajani mwangu.

Thadeus ananiita. Chai imekwisha.