Namba ya Siri ya Pampu

Alhamisi, Dodoma

Bado nina hasira. Tangu wawekezaji walete mitambo yao, pampu za maji zinajiwasha na kujizima zenyewe, na mimi, fundi wao, naziamrisha kwa simu, kwa namba ya siri. Leo asubuhi mtu tusiyemjua alipiga simu kwenye mitambo akaingiza namba hiyo. Pampu zote tatu zikazimika. Watu wa mtaa wa Majengo wamekaa bila maji mpaka saa tisa. Na angetaka, angeziunguza kabisa.

Namba alipewa kwa simu na mlinzi wetu, Mzee Chilewa. Huwa tunamwachia kwa ajili ya dharura.

“Mzee, unampaje mtu usiyemjua?”

“Alinipa shikamoo, mwanangu. Akaniuliza mvua, akaniuliza na ng'ombe wangu. Sasa ningemnyimaje?”

Nikamfokea, mtu wa umri wa baba yangu. Kisha nikabadilisha namba. Sasa naijua peke yangu, nilidhani ningepumua.

 Lakini miezi saba tuko pamoja kwenye mitambo hii, mimi na yeye tu, na sikujua kama Mzee ana ng'ombe. Yule mhalifu aliwaulizia kwenye simu ya kwanza tu.